Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua intafesi ya sauti ya kumiksi na kumasta nyumbani

Ukurasa huu ni kwa prodyuza na mwimbaji anayefanya kazi chumbani kwake: kompyuta moja, hedifoni, pengine spika mbili, na bajeti inayohesabiwa. Intafesi ni kile kiboksi kinachounganisha kompyuta na maiki, hedifoni na spika. Kumiksi ni kusawazisha traki za wimbo, kumasta ni kuupa wimbo mzima umaliziaji wa mwisho. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza hela. Ukiwa na haraka, soma swali la kwanza na lile la chumba.

Nikinunua intafesi ya bei ghali, miksi yangu itasikika vizuri zaidi?

Hapana, si moja kwa moja. Unapotoa wimbo kwenye FL Studio, Reaper, Cubase au programu nyingine yoyote, hesabu zote hufanyika ndani ya kompyuta. Faili linalotoka halipiti kwenye intafesi hata kidogo, isipokuwa kama unatumia kompresa au ekwalaiza za nje zilizounganishwa kwa waya. Anayekuambia kwamba intafesi fulani "inaongeza joto" kwenye masta yako anauza bidhaa.

Usichukue neno langu, jaribu mwenyewe. Fungua wimbo uliokwisha kumiksi. Zima riverbu na korasi zenye mwendo wa kubahatisha, kwa sababu hizo hutoa matokeo tofauti kila mara zinapocheza. Toa faili la WAV intafesi ikiwa imechomekwa. Kisha ichomoe, chagua sauti ya laptopu yenyewe, toa faili tena kwa mipangilio ileile. Weka mafaili yote mawili kwenye mradi mpya, yaanze pamoja kabisa, halafu moja lipindue polariti (wimbi lake ligeuzwe juu chini) na ubonyeze kucheza. Utasikia kimya, na mita haitasogea. Mafaili mawili yanayofutana hivyo ni faili moja.

Kazi ya intafesi katika kumiksi ni kukuonyesha ukweli. Inabadilisha namba za kompyuta kuwa umeme, umeme unakwenda kwenye spika au hedifoni, na wewe unaamua: besi imezidi, vokali imezama, hi-hat inachoma. Ikikuonyesha vibaya, utaamua vibaya. Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani ni kama itakusaidia kusikia. Kununua kwa ajili ya kumiksi si sawa na kununua kwa ajili ya kurekodi, na matangazo mengi yanazungumzia kurekodi tu.

Kama ni hivyo, kwa nini nisitumie tundu la hedifoni la laptopu?

Unaweza, na kuna nyimbo nzuri zilizotengenezwa hivyo. Laptopu nyingine mpya zina sauti safi ya kutosha. Ila utakutana na mambo matatu. Kwanza, matundu mengi ya laptopu yana mlio mdogo wa nyuma, husikika hasa feni ikizunguka au ukisogeza kipanya, na hayana nguvu ya kuendesha hedifoni nzito. Pili, huwezi kuunganisha spika za studio kwa kebo za kubalansi, zile zenye pini tatu zinazoua mvumo njiani. Tatu, kwenye Windows, kurekodi vokali bila draiva nzuri ya ASIO (njia ya programu za muziki kuwasiliana na kifaa kwa haraka) ni mateso, maana mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa.

Kama hurekodi chochote, unapokea tu traki za watu na kuzimiksi kwa hedifoni nyepesi, na tundu lako halina mlio, basi intafesi isiwe ununuzi wako wa kwanza. Hedifoni bora itakusaidia zaidi.

Nitazame nini kwanza kwenye maelezo ya kifaa?

Anza upande wa kutoka. Tafuta kipimo kinachoitwa dynamic range cha matokeo ya spika, yaani matundu ya kutolea sauti: ni nafasi iliyopo kati ya sauti kubwa kabisa na mlio wa chini wa kifaa chenyewe, kwa desibeli. MOTU M2, kwa mfano, inatangazwa na dB 120 kwenye matokeo yake, na kwa intafesi ndogo hiyo ni nzuri sana. Kifaa chenye dB 105 au 110 nacho kinafaa kwa kumiksi. Chumba cha kawaida hakina kimya cha kutosha kusikia tofauti hiyo, hasa mvua ikipiga bati.

Angalia kama kitufe cha sauti ya hedifoni kimetengwa na cha spika. Ni jambo dogo lakini utalitumia kila siku, maana utazima spika usiku na kubaki na hedifoni.

Halafu draiva. Mac inatumia Core Audio na vifaa vingi vinakubali moja kwa moja. Linux nayo hukubali vifaa vinavyofuata kanuni ya kawaida ya USB. Windows ndiyo yenye shida: hakikisha mtengenezaji ana draiva yake ya ASIO, na kwamba inafanya kazi kwenye toleo la Windows ulilonalo. ASIO4ALL, draiva ya jumla isiyo ya mtengenezaji, ni msaada wa dharura. Ukiona kifaa kipya kinakuelekeza huko kama draiva yake kuu, jua umeokoa hela mahali pasipofaa.

Priampu (sehemu inayokuza sauti ya maiki), taa na rangi ya boksi viwe mwisho.

Matundu mangapi ya kuingizia yananitosha?

Inategemea muziki. Prodyuza wa bongo fleva kwa kawaida anatengeneza mdundo wote ndani ya kompyuta na kurekodi sauti ya mtu mmoja baada ya mwingine: tundu moja linatosha, mawili ni raha. Wa singeli anaweza asihitaji tundu lolote mpaka MC aingie.

Kwaya ni habari nyingine. Ukitaka kurekodi soprano, alto, tenori na besi kwa maiki tofauti, pamoja na kinanda na gitaa, unahitaji chaneli nane. Hali kadhalika kikundi cha taarabu chenye udi, kanuni, fidla na ngoma vikipigwa kwa pamoja. Hapo tafuta intafesi yenye matundu manane, au ndogo yenye tundu la optiki la ADAT, ambalo linakuruhusu kuongeza chaneli nane baadaye kwa kiwango cha 44.1 au 48 kHz (maelfu ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa sekunde). Ila kama kwaya inakuja mara moja kwa mwaka, kodi au azima. Kwa kumiksi peke yake, matokeo mawili na hedifoni yanatosha kabisa.

24-bit na 192 kHz: nichague kipi?

Rekodi kwa 24-bit, hapo usisite. Biti 16 zinakupa nafasi ya dB 96 hivi. Biti 24, kwa nadharia, ni dB 144, zaidi ya kile kifaa chochote kinaweza kufikia. Faida yake ni kwamba huna haja ya kumsukuma mwimbaji mpaka mita iguse nyekundu. Acha vilele vifike -12 au -10 dB, mwimbaji akipandisha kwa hisia hakuna kinachopasuka, na mlio wa chini hautakusumbua. Kwa sababu hiyo nakushauri uruke vifaa vya 16-bit kama M-Audio M-Track Solo au Behringer UMC22 ukiweza kuongeza kidogo. Behringer UMC202HD, ya kampuni hiyohiyo, ina 24-bit na haiko mbali kwa bei.

Kuhusu 192 kHz, achana nayo. Sikio la binadamu linaishia karibu na Hz 20,000, na kwa umri hushuka. 44.1 kHz inabeba mpaka Hz 22,050. Tumia 44.1 kwa muziki wa kawaida, 48 kama kuna video. 96 kHz ina faida kidogo unaporekodi sauti za kuja kuvutwa na kupunguzwa kasi sana, lakini bei yake ni hii: dakika moja ya traki ya mono kwa 24-bit na 48 kHz ni MB 8.64. Wimbo wa dakika nne wenye traki 40 unafika kama GB 1.4. Kwa 96 kHz ni GB 2.8, na kompyuta inabeba mara mbili ya mzigo wa plagini (vifaa vya sauti vya ndani ya programu). Kama unamtumia mtu traki kutoka Mwanza kwenda Goma kwa bando la simu, tofauti hiyo unailipa kwa shilingi.

Kwa nini mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa?

Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa, hifadhi ndogo ya muda, kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7, ya 512 ni 10.7, ya 1024 ni 21.3. Kisha hesabu kwamba sauti inapita kuingia na kutoka, na vigeuzi vyenyewe vinaongeza kidogo. Juu ya milisekunde 10 hivi kwa jumla, rapa anaanza kuburuzwa nyuma ya mdundo.

Unaporekodi, shusha bafa iwe 64 au 128 na uzime plagini nzito. Unapomiksi, ipandishe 512 au 1024, kompyuta ipumue. Kuchelewa wakati wa kumiksi hakuna madhara. Intafesi nyingi pia zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, ambapo sauti ya maiki inakwenda kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Kitumie, halafu nyamazisha traki hiyo ndani ya programu ili mwimbaji asijisikie mara mbili.

Nipe majina. Ninunue ipi?

Kwa anayemiksi na kurekodi sauti moja moja, ningeanza na MOTU M2. Matokeo yake ni safi, skrini ndogo ya mbele inaonyesha viwango vya kuingia na kutoka, na ina matundu ya kizamani ya MIDI (ya kupeleka noti za kinanda kwenye kompyuta) kwa wenye vinanda vya zamani. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, inafaa zaidi kwa anayejirekodi peke yake: inapanga geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) yenyewe na inaishusha sauti ikikaribia kupasuka. Angalia tu kwamba Solo ya kizazi hichohicho haina mambo hayo mawili. Audient EVO 4 ni nzuri kwa bajeti ndogo na inaweza kurekodi sauti ya kompyuta yenyewe bila waya. UMC202HD ni ya kuanzia, nayo haina aibu.

SSL 2 ina kitufe cha 4K, Universal Audio Volt ina kitufe cha Vintage. Vyote vinaongeza ladha kwa sauti inayoingia kwa maiki au gitaa. Havigusi miksi yako, kwa hiyo usivilipie kwa ajili ya kumasta.

Ukiwa unaishi kwa kazi hii, wateja wanakusubiri, basi RME Babyface Pro FS inastahili bei yake. Sababu kubwa ni draiva: RME wanajulikana kwa kuendelea kuzitoa kwa vifaa vyao vya miaka mingi iliyopita. Anayeanza haihitaji.

Nina maiki ya Shure SM7B. Intafesi ndogo itaweza?

Maiki hiyo ina sauti ndogo, na Shure wenyewe wanashauri priampu yenye angalau dB 60 za geini. Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne ina 69, kizazi cha tatu kilikuwa na 56. Kwa rapa anayepaza sauti 56 inaweza kutosha. Kwa anayeimba kwa kunong'ona utavuta geini mpaka mwisho na mlio utajitokeza. Maiki ya kondensa haina tatizo hilo, inahitaji tu kitufe cha 48V, cha kuipa maiki umeme, ambacho karibu kila intafesi inacho. Ila kondensa itasikia pia jogoo wa jirani, feni na pikipiki inayopita. Katika chumba kisichotulia, maiki ya dainamiki ya kawaida kama SM58 hutoa vokali iliyo rahisi zaidi kumiksi.

Kuna mvumo kwenye spika. Intafesi imeharibika?

Mara nyingi hapana. Usikimbilie kuirudisha dukani kabla ya kufanya hivi, kwa mpangilio huu.

Acha kila kitu kimewaka, usicheze wimbo, sikiliza. Chomoa chaja ya laptopu ibaki kwenye betri. Mlio ukikatika palepale, chaja ndiyo chanzo: jaribu nyingine, au soketi nyingine. Mlio ukibaki, sogeza simu mbali na nyaya. Kisha chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, badala ya kila kimoja na soketi yake ukutani, kwa sababu tofauti ndogo ya ethi kati ya soketi mbili inatosha kuleta ule mvumo wa Hz 50. Mwisho tazama kebo za kwenda kwenye spika. Ncha ikiwa na mstari mmoja mweusi ni ya gitaa, haibalansi. Ikiwa na miwili, inabalansi. Kubadilisha kebo hizo tu kumewamalizia wengi tatizo.

Usikate wala kukwepa pini ya ethi ili kuua mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe na maiki iliyo mdomoni mwa mwimbaji.

Kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, weka kilinda umeme, na ukiweza UPS, hasa kwa spika zenye ampu ndani. Na intafesi inayokula umeme wa USB ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye habu isiyo na umeme wake.

Chumba kina uhusiano gani na intafesi?

Kikubwa kuliko intafesi yoyote. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kuta za tofali, sakafu ya vigae: ndivyo vyumba vyetu vingi vilivyo. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta zilizo mita 3 mbali, wimbi la karibu Hz 57 linasimama, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, tatizo linatokea mara mbili mahali palepale. Hapo ndipo ilipo besi ya 808 na log drum ya amapiano. Noti ya A ya chini ni Hz 55. Ukikaa katikati ya chumba, noti hiyo karibu inapotea, unaiongeza, na kesho kwenye gari la rafiki yako inatetemesha vioo.

Trei za mayai hazitibu hili. Zina unene wa sentimita chache, zinagusa kidogo sauti za juu tu, na zinashika moto haraka. Urefu wa wimbi la Hz 57 ni mita 6. Kinachosaidia ni kitu kinene: pamba ya mwamba au pamba nzito ya kuzuia joto, unene wa sentimita 15 au zaidi, ifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, isimame kwenye pembe. Kitenge kizuri kinafaa. Kabati lililojaa nguo na godoro lililosimamishwa pembeni ni bora kuliko ukuta mtupu.

Kabla ya kununua chochote, sogeza kiti. Kaa umbali wa zaidi kidogo ya theluthi ya chumba kutoka ukuta wa mbele, spika zote mbili ziwe na umbali sawa na kuta za pembeni, kati yao na kichwa chako pawe na pembetatu yenye pande sawa. Cheza wimbo unaoujua kwa moyo na usikilize besi unaposogea mbele na nyuma. Utashangaa jinsi inavyobadilika kwa nusu mita.

Nikiwa na hela ya intafesi ghali, ningenunua ya kati na salio lote liende kwenye pamba na spika. Sijaona hali ya nyumbani ambapo kinyume chake kilikuwa uamuzi bora.

Naweza kumiksi kwa hedifoni tu?

Ndiyo, na kwenye chumba kibaya pengine ni salama zaidi. Tazama ohmu: zikiwa nyingi, hedifoni kwa kawaida inahitaji intafesi yenye nguvu zaidi. Audio-Technica ATH-M50x ni ohmu 38, inaendeshwa na kitu chochote. Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa ya 32, 80 na 250; kwa intafesi ndogo chukua 80. Sennheiser HD 600 ni ohmu 300 na kwenye intafesi dhaifu itasikika ndogo hata ukifungua sauti yote. Usimiksi kwa Bluetooth: sauti hubanwa na huchelewa. Itumie mwishoni tu, kuhakiki wimbo unavyosikika kwenye spika ndogo ambayo wasikilizaji wako wanayo.

Kwa kumasta kuna kitu cha ziada?

Kwenye intafesi, hapana. Unachohitaji ni mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na zipo plagini za bure. Spotify hushusha nyimbo kufikia karibu -14 LUFS, Apple Music karibu -16. Wimbo uliobanwa mpaka -6 utashushwa, na utabaki umebanwa. Acha vilele vya kweli visizidi -1 dB ili mafaili ya kubanwa yasipasuke.

Itafanya kazi na simu?

iPhone zenye tundu la USB-C na iPad nyingi zinakubali intafesi zinazofuata kanuni ya USB. Android zinategemea simu na programu. Tatizo la kawaida ni umeme: simu haitoi wa kutosha, hasa ukiwasha 48V. Habu yenye umeme wake hutatua.

Ninunue ya mtumba?

Nunua, ila ijaribu palepale, uwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Nenda na laptopu yenye draiva tayari, hedifoni na maiki. Kabla ya kutoka nyumbani, ingia tovuti ya mtengenezaji uhakikishe modeli hiyo bado ina draiva ya mfumo wako.

Pale dukani, zungusha kila kitufe taratibu huku unasikiliza: mikwaruzo ina maana ya uchafu au uchakavu. Jaribu kila tundu, hata lile muuzaji anasema "hilo hulihitaji". Washa 48V na maiki ya kondensa kama unayo. Tikisa kebo ya USB kidogo kwenye tundu lake, kwa sababu tundu lililolegea ndiyo kasoro inayofichwa zaidi, na kulirekebisha si kazi ya kila fundi. Rekodi sekunde 30 za ukimya geini ikiwa katikati, ongeza sauti, sikiliza upande wa kushoto na wa kulia kama vinalingana. Muulize muuzaji kama kifaa kimewahi kusajiliwa, maana programu za bure zinazokuja na boksi mara nyingi huwa zimeshachukuliwa na mwenyewe wa kwanza, na bei inapaswa kushuka kwa hilo.